Mashindano ya ukakamavu kati ya vikosi rafiki kwenye operesheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vikosi viwili vitatu vya nchi tofauti vikikaa kambi moja, haupiti muda mrefu kabla mtu hajasema, "Hebu tupimane nguvu." Maswali yanayofuata hapo karibu kila mara ni yale yale. Yamejibiwa hapa kwa ajili ya afisa wa michezo, mkufunzi wa mazoezi ya viungo, na yule sajini aliyetupiwa kazi hii bila kuiomba. Majibu yote yamejengwa juu ya sharti moja: kesho alfajiri kila aliyeshiriki awe na uwezo wa kwenda lindo. Kanuni isiyolinda hilo ifutwe, hata kama inapendwa.

Je, jambo hili ni geni?

Hata kidogo. Vita Kuu ya Kwanza iliposimama Novemba 1918, askari wengi mno wa nchi washirika walibaki Ulaya wakisubiri meli za kuwarudisha kwao, na makamanda walijua vizuri askari asiye na kazi hufanya nini. Kuanzia tarehe 22 Juni hadi 6 Julai 1919 ikafanyika michezo ya majeshi washirika karibu na Paris, kwenye uwanja uliopewa jina la Jenerali Pershing wa Marekani. Kulikuwa na riadha, ngumi, mieleka, kuogelea na kuvuta kamba. Kulikuwa pia na kurusha guruneti kwa umbali, na mshindi wake hakuwa mpiga mizinga bali kasisi wa jeshi la Marekani, Fred Thomson.

Baada ya vita vya pili, tarehe 18 Februari 1948, nchi tano (Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Luxembourg na Uholanzi) zilianzisha mjini Nice baraza la kimataifa la michezo ya majeshi, CISM, ambalo wito wake ni urafiki kupitia michezo. Hilo huandaa mashindano ya wanamichezo waliochaguliwa na kufanyiwa mazoezi kwa kazi hiyo. Sisi tunazungumzia kitu kingine: watu waliotoka doria jana na wanaoingia lindo kesho.

Kuna mashindano yaliyozoeleka tunayoweza kuyaiga?

Yapo, na ni afadhali kuiga kuliko kubuni, kwa sababu kanuni za zamani zimeshapita kwenye mabishano yote ambayo ninyi bado hamjabishana.

Linalofahamika zaidi kwenye misheni ni DANCON, matembezi ya kikosi cha Denmark yaliyoanza Cyprus mwaka 1972 chini ya Umoja wa Mataifa. Mtu hutembea takriban kilomita 25 akiwa na shanta lenye kilo 10, na akimaliza hupewa medali. Tangu hapo wanajeshi wa Denmark wameyabeba kwenda kila walikopelekwa, Kosovo, Iraq, Afghanistan, na kuwaalika jirani zao wa kambi. Norway ina yake tangu 1915: kilomita 30 na kilo 11 mgongoni, ndani ya muda uliopangwa kulingana na umri na jinsia. Ujerumani ina beji ya uwezo wa kijeshi yenye shaba, fedha na dhahabu. Humo mna kukimbia, kuning'inia kwenye chuma, kuogelea mita 100 ukiwa na kombati, huduma ya kwanza, kulenga shabaha, na matembezi ya kilomita 6, 9 au 12 ukiwa na kilo 15. Mwendo unaodaiwa ni rahisi kukumbuka, dakika 10 kwa kila kilomita, lakini si rahisi kuutimiza kilomita ya kumi na moja. Wageni wengi wanaopangwa pamoja na Wajerumani huitamani beji hiyo.

Angalieni kwamba katika yote matatu mtu anashindana na kipimo, si na mwenzake. Kumi wakifikia kiwango, kumi wanapata. Kwa kambi ambayo haijawahi kufanya jambo la namna hii, anzeni hapo. Mashindano ya kutafuta mshindi mmoja yaje baadaye, watu wakishafahamiana.

Kushiriki ni amri?

Hapana. Likiwa amri linageuka zoezi la kawaida, na watu watalifanya kwa moyo wa zoezi la kawaida. Kamanda anayetaka watu wengi wajitokeze ajiandikishe yeye mwenyewe.

Nani anatoa ruhusa?

Makamanda wa vikosi vyote vinavyoshiriki, kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo hufaa mpaka mtu avunjike kifundo cha mguu, maana hapo kila jeshi lina utaratibu wake wa kuamua kama askari aliumia akiwa kazini au akiwa mapumzikoni, na tofauti hiyo inagusa matibabu na fidia yake. Sentensi moja kwenye barua, inayosema kwamba shughuli imeidhinishwa na ni sehemu ya mazoezi ya kikosi, humwokoa mtu huyo na usumbufu mkubwa.

Afisa operesheni naye aone orodha ya majina kabla haijabandikwa. Si ajabu kukuta wapiga redio wote wa zamu moja wamejiandikisha timu moja.

Timu zipangwe kwa nchi au zichanganywe?

Zichanganywe. Hapa sina hamu ya kuwa katikati, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, idadi hazilingani. Nchi moja ina kikosi kizima, nyingine ina maafisa kumi na wawili wa makao makuu ambao kazi yao ni kompyuta na mikutano. Ukizishindanisha kwa bendera, matokeo yameshajulikana kabla ya filimbi, na wale wachache hawatarudi mwakani. Pili, timu za nchi huwa na tabia ya kukaa kivyake: wanafanya mazoezi pamoja, wanakunywa maji pamoja, wanashangilia pamoja, wanaondoka. Mnaishia kuwa mmekaa uwanja mmoja kwa saa tano bila mtu kujua jina la mwenzake. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, kwenye operesheni hakuna atakayekuuliza utaifa wako siku gari linapopinduka. Mganga wa nchi moja, dereva wa nchi nyingine na mhandisi wa nchi ya tatu watalazimika kubeba machela moja. Ni vizuri wawe wameshawahi kubeba machela pamoja wakiwa wanacheka, wakajua nani ana pumzi, nani hushika vibaya, na nani hapendi kukubali kwamba amechoka.

Njia rahisi ni kura. Kila nchi iweke majina yake kwenye kofia yake, na nahodha wa timu achote jina moja kutoka kila kofia mpaka timu ijae. Watu wanne hadi sita wanatosha. Nahodha awe askari wa cheo cha chini, ikiwezekana. Kanali akiambiwa na koplo wa nchi nyingine ashike nyuma ya machela, na akashika, siku imeshafana.

Hata hivyo bendera zina raha yake, na hakuna sababu ya kuwanyima watu. Acheni mchezo mmoja wa mwisho uwe wa nchi kwa nchi. Kuvuta kamba kunafaa sana kwa hilo, kwa sababu kunaisha haraka na kelele zake zinasikika hadi getini.

Michezo gani ichaguliwe?

Ile inayotumia vitu vilivyopo kambini na inayofanana na kazi. Kubeba machela yenye mwanasesere wa mchanga wenye uzito wa mtu. Kubeba madumu ya maji ya lita 20, moja kila mkono, kwenda na kurudi. Kuhamisha rundo la mifuko ya mchanga kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Kuvuta tairi la lori kwa kamba. Kukimbia kwa zamu. Mchezo ambao mpishi na fundi mitambo wanaweza kumshinda mkimbiaji mwembamba wa kikosi cha upelelezi ni mchezo mzuri.

Muda usimamishwe mtu wa mwisho wa timu anapovuka mstari. Kanuni hii moja hubadilisha tabia ya watu kuliko hotuba yoyote. Aliye na nguvu huacha kukimbia mbele kujionyesha, hurudi nyuma kuchukua dumu la mwenzake. Ukiwapa timu uhuru wa kugawana mzigo wapendavyo, utaona mipango ya ajabu ikibuniwa kwa ishara za mikono, maana nusu yao hawana lugha ya pamoja.

Epukeni ngumi, mieleka na mpira wa miguu wa kugombania ubingwa. Mpira wa kirafiki sawa, lakini si siku hiyo: magoti na vifundo vya miguu huumia, na mabishano ya penati hudumu kuliko misheni yenyewe. Voliboli ni salama zaidi kwa kuwa wavu unawatenganisha watu.

Pushapu ipi inahesabiwa?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kuliko yote, na karibu kila mara pande zote zina haki, kwa sababu kila mmoja anapiga alivyofundishwa kruta. Kuna jeshi linalodai sehemu ya juu ya mkono ilale sambamba na ardhi tu. Kuna linalotaka kifua kiguse ngumi ya mwamuzi. Jeshi la Marekani nchi kavu sasa linataka kifua kilale chini kabisa na mikono inyooshwe pembeni kabla ya kusukuma tena, na namna hiyo humchosha haraka aliyezoea ile ya zamani. Kujivuta kwenye chuma nako vivyo hivyo: wengine huruhusu kiganja kikuelekee, wengine hukataa, wengine huvumilia kurusha miguu, wengine wakikuona unarusha miguu wanafuta hesabu.

Chagueni namna moja, na iwe ile ambayo mwamuzi anaweza kuiona bila kubishana. Kifua kilale chini, mikono iinuliwe, mwili upande ukiwa umenyooka: hapo hakuna nusu wala robo. Kwenye chuma, mwili uning'inie umetulia, kidevu kipite juu ya chuma. Siku moja kabla, mtu mmoja aonyeshe mbele ya wote, pamoja na zile zisizohesabiwa na sababu zake. Maonyesho hayo yafanywe kwa mwili, si kwa maelezo, maana tafsiri ya "nyoosha kiwiko" hupotea njiani.

Mwamuzi wa kila mshiriki atoke nchi nyingine. Mcheza kwao hutunzwa, tunajua, ndiyo maana hapa asihesabiwe na wa kwao. Ahesabu kwa sauti. Pushapu mbovu isipotimia arudie namba ile ile badala ya kunyamaza, ili aliye chini ajue papo hapo bila kuinuka kuuliza. Na neno la mwamuzi likishatoka limetoka. "Afande, hiyo nilishuka kabisa" isijibiwe.

Kwa nini tusitumie mtihani wa jeshi mojawapo, tayari una alama zake?

Kwa sababu wenye mtihani huo wameufanyia mazoezi miaka mingi, na wengine wanauona siku hiyo. Isitoshe, mitihani hiyo hubadilika. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilifanya mtihani wenye vipimo sita kuwa rasmi Oktoba 2022, kisha kuanzia Juni 2025 likaondoa kile cha kurusha mpira mzito kwa nyuma na kubakiza vitano. Ukichukua jedwali la alama la mtu mwingine, hakikisha kwanza kama wenyewe bado wanalitumia.

Wanawake na wanaume washindane pamoja? Na waliovuka miaka 40?

Kwenye timu za mchanganyiko, ndiyo, wote pamoja. Mzigo wa timu ni mmoja na wanaugawana wenyewe. Kwenye vipimo vya mtu mmoja mmoja, tumieni viwango vya muda vinavyotenganisha umri na jinsia, kama wanavyofanya Wanorwe na matembezi yao, halafu medali iwe ile ile. Msianzishe kundi la "wazee". Hakuna atakayejiandikisha humo.

Joto likiwa kali, tuahirishe?

Swali hili liamuliwe na kipimo, si na ushujaa. Kipimo kinachotumika ni WBGT, ambacho huchanganya joto la hewa, unyevu, jua na upepo. Kipimajoto cha ukutani hakitoshi, maana nyuzi 33 penye ukavu na nyuzi 33 penye unyevu wa pwani ni siku mbili tofauti kwa mwili. Kwenye utaratibu wa Marekani bendera nyeusi, ile ya hatari kubwa kabisa, hupandishwa WBGT ikifika takriban nyuzi 32 za Selsiasi, na aliyevaa fulana ya kuzuia risasi huhesabiwa kama yupo kwenye joto la karibu nyuzi 3 zaidi. Kwa mashindano ya hiari, bendera nyeusi maana yake hakuna mashindano. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, mmalize kabla jua halijapanda.

Mwili uliotoka nchi ya baridi huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kuongezwa polepole kabla haujazoea joto. Kwa hiyo kikosi kilichoshuka kwenye ndege wiki hii kisijiandikishe, hata kikilalamika. Wakabidhiwe stopwochi wawe waamuzi.

Anayedhani hili ni jambo la kuzidishiwa chumvi akumbuke Nijmegen, Uholanzi. Matembezi ya siku nne ya pale yalianza mwaka 1909, na wanajeshi wa nchi nyingi huenda kila mwaka kutembea kilomita 40 kwa siku na kilo 10 za mzigo. Julai 2006 siku ya kwanza ilikuwa na joto kali, watembeaji wawili wakafariki, na siku zilizobaki zikafutwa. Hiyo ilikuwa shughuli yenye uzoefu wa karibu karne moja, kwenye nchi yenye hospitali kila upande.

Dalili ya kuogopa zaidi ni akili kuchanganyikiwa. Mtu anayumba, anaongea ovyo, anagombana na mwamuzi bila sababu, hajui yuko wapi. Msisubiri ngozi ikauke. Mara nyingi huyu bado anatoka jasho. Joto la ndani likipita nyuzi 40 kila dakika ina thamani. Poza kwanza, safirisha baadaye: mwingizeni kwenye beseni kubwa la maji ya barafu mpaka shingoni, mtu akimshikilia kichwa kisizame. Pasipo na barafu, mashuka yaliyolowa maji baridi yabadilishwe mfululizo huku akipepewa. Beseni liwe limejazwa kabla ya filimbi ya kwanza. Kulitafuta wakati mtu ameshaanguka ni kuchelewa.

Mtu anywe maji kiasi gani?

Kwa kiu yake na kwa utaratibu, bila kushindana kunywa. Miongozo ya jeshi la Marekani inaweka kikomo cha takriban lita moja na nusu kwa saa, na karibu lita 11 kwa siku nzima. Maji yakizidi, chumvi kwenye damu hushuka, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, dalili zinazofanana mno na za joto. Mkimwongezea maji mtu wa namna hiyo mnamuumiza. Mganga aulize kwanza amekunywa chupa ngapi. Vitafunio vyenye chumvi viwepo kwenye kila kituo cha maji.

Tumesikia kuhusu zoezi la Murph. Linafaa?

Linafaa kwa waliolizoea. Limepewa jina la Luteni Michael Murphy wa jeshi la majini la Marekani, aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005, na askari wengi hulifanya kwa heshima kubwa: maili moja ya kukimbia, kujivuta kwenye chuma mara 100, pushapu 200, kuchuchumaa mara 300, kisha maili nyingine, ukiwa umevaa fulana yenye uzito wa takriban kilo 9.

Shida huja pale mtu ambaye hajawahi kujivuta hata mara 30 kwa siku anapoamua kufikisha 100 kwa sababu jirani yake wa nchi nyingine anamtazama. Misuli inayolazimishwa ghafla namna hiyo inaweza kubomoka na kumwaga protini zake kwenye damu, na figo zikaelemewa. Siku moja au mbili baadaye misuli huvimba na kuuma kupita kawaida, na mkojo huwa wa kahawia iliyokolea. Huyo si wa kuambiwa apumzike hemani, ni wa kwenda kwa daktari saa hiyo hiyo. Mkitaka kulifanya, gawaneni hesabu watu wanne kwa timu. Heshima haipungui.

Vipi kuhusu unga wa kuongeza nguvu?

Kahawa inatosha. Desemba 2011 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliondoa kwenye maduka ya kambi zake bidhaa zenye kichangamshi kiitwacho DMAA, baada ya vifo vya askari wawili waliokutwa nacho mwilini, na mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikawaonya watengenezaji. Makopo ya aina hii yanaendelea kuja na majina mapya. Askari asitumie siku ya mashindano kitu ambacho mganga wa kikosi hajakiona lebo yake.

Kuvuta kamba kuna hatari gani? Ni kamba tu.

Kamba isiyofaa ni hatari kuliko michezo yote mliyoiacha. Mwaka 1997 mjini Taipei zaidi ya watu elfu moja walivuta kamba moja, ikakatika, na nguvu yake ikawakata mikono wanaume wawili. Madaktari waliweza kuwaunganisha, lakini hilo halipunguzi funzo. Wekeni watu wanane kila upande, mtumie kamba nene iliyotengenezwa kwa kuvutwa, si ile ya kufungia mizigo wala ya nailoni inayonyumbuka. Mtu asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Pete zivuliwe. Buti zivaliwe.

Kambi yetu iko milimani. Inabadilisha nini?

Kasi. Kabul, kwa mfano, iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapo mkimbiaji aliyetoka pwani atajiona kama ameibiwa pumzi. Legezeni viwango vya muda kwa mbio ndefu, lakini michezo ya nguvu fupi iacheni ilivyo.

Naruhusiwa kuvaa saa yangu ya GPS?

Hapana, na si kwa sababu ya udanganyifu. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi kwa simu na saa, ilichapisha ramani ya dunia yenye njia ambazo watumiaji wake walikimbia. Januari 2018 watu wakagundua kwamba katikati ya majangwa yenye giza kulikuwa na vijiduara vinavyong'aa: askari wakizunguka uzio wa kambi zao kwa mazoezi. Agosti mwaka huo Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikapiga marufuku vifaa vya kuonyesha mahali kwenye maeneo ya operesheni. Mashindano ni hatari zaidi ya mazoezi ya mtu mmoja, kwa sababu watu mia wakianza dakika moja kwenye njia moja, wanachora kambi nzima.

Pimeni umbali kwa gurudumu la kupimia au kwa kilomita za gari. Simu zibaki kwenye mahanga. Picha zipigwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, na afisa usalama azipitie kabla hazijaenda kwa mama zetu. Mnara wa ulinzi, antena na mpangilio wa geti visionekane nyuma ya mshindi anayetabasamu.

Tukiwa katika Ramadhani?

Ahirisheni mpaka mwezi uishe. Kama ratiba ya kupokezana vikosi hairuhusu, fanyeni usiku baada ya futari na chakula kushuka, na mchague michezo mifupi. Mtu asiulizwe mbele ya wenzake kama amefunga.

Kuhusu sherehe ya baadaye, kumbukeni kwamba baadhi ya majeshi yamekatazwa pombe kabisa wakiwa kwenye operesheni na mengine yanaruhusiwa kiasi. Kanuni iliyo kali zaidi ndiyo itumike uwanjani, ili mtu asijikute kwenye matatizo na wakubwa wake kwa sababu ya ukarimu wa jirani.

Silaha zetu zinakaa wapi wakati tunacheza?

Kwa kufuata amri ya kambi, chini ya walinzi wasioshiriki, na kila nchi kwenye eneo lake. King'ora kikilia, mashindano yamekwisha hapo hapo, hakuna anayemalizia mzunguko. Fanyeni jaribio moja la king'ora kabla ya kuanza, kila mtu aone anakimbilia wapi, kwa sababu wageni waliokuja kwenye upande wenu wa kambi hawajui mahandaki yenu yalipo.

Zawadi iwe nini?

Kitu kidogo chenye alama ya kikosi. Beji za begani hubadilishwa kwa hamu kuliko vikombe, na sarafu za kumbukumbu pia. Cheti kiandikwe jina sahihi. Mwombeni kila mtu aliandike mwenyewe wakati wa kujiandikisha, maana jina lililokosewa kwenye cheti haliendi kutundikwa nyumbani.

Kombe likae na nani misheni ikibadilisha vikosi?

Likae kambini, kwenye bwalo, pamoja na daftari la kanuni. Kikosi kinachoondoka kiandike humo umbali uliopimwa, njia iliyotumika, namna pushapu zilivyohesabiwa, saa ya kuanza na mabishano yaliyojitokeza. Kikosi kinachoingia kikabidhiwe daftari hilo siku ile ile kinapokabidhiwa funguo za stoo ya vifaa vya michezo, na kisaini kwamba kamba imekaguliwa.